Kikao cha Nidhamu cha Inspekta Sindano

Kwa niaba ya Idara ya Uratibu wa Upelelezi, na kwa furaha isiyo na kifani, nautangazia umma kwamba nchi yetu imekuwa ya kwanza duniani kumfikisha mbele ya kikao cha nidhamu mpelelezi ambaye hayupo. Mataifa yaliyotutangulia kwa barabara na madaraja bado hayajafika hapo. Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kikao hicho. Naandika haya nikiwa nyumbani, kwenye mapumziko niliyopewa bila kuomba, na kwa kuwa mitaani yamesemwa mengi na watu wasio na taarifa, nimeona nieleze mwenyewe mambo yalivyokwenda, ili kila mtu aone kwamba taratibu zote zilifuatwa.

Kwanza muifahamu idara yetu. Sisi hatupelelezi. Kupeleleza ni kazi ya polisi. Sisi tunaratibu, maana yake jalada likitoka polisi linakuja kwetu, tunalipa rangi, tunaliweka kwenye kabati la rangi hiyo, na mwenye shida akija kuuliza tunamjulisha kwa upole kwamba upelelezi unaendelea. Ni kazi inayotaka moyo mtulivu. Mkurugenzi wetu, mtu mnene mwenye sauti ya taratibu, amejaliwa utulivu huo kuliko binadamu yeyote niliyewahi kumwona. Kwa miaka yote niliyomfanyia kazi sijamwona akiharakishwa na jambo lolote, isipokuwa chai.

Halafu akatokea Inspekta Sindano.

Kwa wale wasio na runinga, huyu ni mpelelezi wa kike katika tamthilia inayoonyeshwa kila Alhamisi jioni baada ya taarifa ya habari. Huvaa koti la kijivu, hacheki, na huitwa Sindano kwa sababu akishapita mahali, uzi lazima umfuate. Mtu anauawa mwanzoni, matangazo ya sabuni yanapita, na kabla watoto hawajafukuzwa kwenda kulala, muuaji ameshika kichwa, anasema ni kweli, ni mimi. Kila wiki ni hivyo. Katika historia yote ya tamthilia hiyo hakuna kesi hata moja ambayo upelelezi wake unaendelea.

Naomba mtu mwenye akili timamu apime madhara ya jambo hilo. Bwana mmoja aliyeibiwa pikipiki alikuja dirishani kwetu akamwambia karani wetu, mbele za watu, kwamba Sindano angekuwa ameshamaliza, na sabuni tungekuwa tumeshatangaziwa. Mama mmoja aliomba jalada lake lihamishiwe kwa Inspekta. Ijumaa zikawa siku mbaya. Watu walikuja na foleni ndefu yenye kiburi, wametoka kutazama, wanatukagua kwa macho yale ya Sindano ya kuangalia viatu vya mtu kwanza ndipo uso.

Mkurugenzi aliunda Kamati ya Kuoanisha Upelelezi wa Runinga na Hali Halisi. Tulikiandikia kituo cha runinga kwa heshima zote. Tuliomba Inspekta ashindwe katika kesi nyingi, ashinde chache, kulingana na wastani wa taifa. Tuliomba mashahidi waambiwe waje kesho, na jalada lipotee mara moja moja ili watazamaji walizoee. Kituo kilijibu kwamba mambo yakiwa hivyo watazamaji watahamia kwingine. Mkurugenzi aliisoma barua ile, akacheka kidogo, akasema tofauti ya runinga na serikali ni kwamba kwetu mtu hana pa kuhamia. Tuliyaandika maneno hayo kwenye ubao wa matangazo.

Huenda jambo lingeishia hapo kama si mdogo wangu.

Mdogo wangu ni mkunga katika zahanati ya wazazi, ile iliyo nyuma ya soko la mbao. Tumezaliwa tumbo moja, lakini yeye hakujaliwa subira. Zahanati yao ina kisima, na kisima kilikuwa na pampu, na pampu hiyo ikatoweka. Aliripoti polisi, jalada likaja kwetu, nikalipokea kwa mikono yangu mwenyewe na kulipa rangi ya kijani, ambayo ni rangi ya kesi zenye matumaini. Nilidhani atanishukuru. Badala yake akawa anakuja kwangu kila Jumapili kuniuliza pampu iko wapi, mbele ya mke wangu, kana kwamba mimi ndiye niliyeikalia.

Siku moja alikuja hata hakuketi.

"Kaka," alisema, "jana nimemwosha mtoto mchanga kwa maji ya kunywa ya mlinzi. Alikuwa na chupa moja. Akaitoa yote, akashinda na kiu. Na mwisho wa mwezi wakubwa wa afya wanatufunga, wanasema zahanati isiyo na maji si zahanati. Wale kina mama watavuka reli wakiwa na uchungu waende hospitali kuu. Wengine hawatafika."

Sitaficha, nilimhurumia. Mimi si jiwe. Lakini huruma haina jalada, na nilimweleza hivyo, nikamkumbusha kwamba kesi yake ni ya kijani. Akaniambia wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na yeye hayo matumbo anayo wodi nzima. Akaondoka bila kuaga. Mke wangu hakunipa chakula hadi nilipoomba mara ya pili, jambo ambalo hadi leo halijatolewa maelezo.

Kesho yake mdogo wangu alifanya kosa la kiutawala. Alikwenda kusimama kwenye lango la kituo cha runinga, akamngoja yule mama anayemwigiza Inspekta Sindano, akamweleza habari za pampu. Na yule mama, badala ya kumwelekeza kwenye mamlaka husika, akamjibu neno moja, "Nitaulizia."

Neno hilo lilitufikia kabla ya saa ya chai. Katika idara yetu, ili mtu amwambie raia "nitaulizia" anahitaji kibali cha ngazi mbili. Mkurugenzi aliposikia kwamba linalotaka kuulizwa ni suala la pampu, alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona. Alipiga meza. Aliagiza Inspekta Sindano aadhibiwe mara moja, kwa ukali, na aondolewe hewani. Nilifarijika kuona kwamba hata jambo dogo kama pampu linamgusa moyo.

Kulikuwa na kikwazo. Kanuni za nidhamu ziko wazi: anayeadhibiwa sharti awe mtumishi. Yule mwigizaji si mtumishi wetu, na kuigiza si kosa. Mwenye kosa ni Inspekta, na Inspekta hatukuwa naye. Wajumbe walikuna vichwa. Ndipo mimi, na naomba hili lisisahauliwe kwenye taarifa yoyote itakayoandikwa, nikashauri kwamba tumwajiri kwanza, kisha tumfukuze.

Mkurugenzi alinishika mkono. Aliisaini ajira asubuhi ile ile, naye Inspekta akapewa namba ya utumishi na cheo. Kwa kuwa kanuni husema anayetoka nje huingia na cheo alichonacho huko alikotoka, na kwa kuwa kwenye tamthilia alikwisha kupandishwa kuwa Inspekta Mkuu, tulimwandika Inspekta Mkuu. Hatukutaka aje kulalamika kwamba tulimfukuza akiwa na cheo pungufu.

Nilimpelekea habari mwenyewe. Nilimkuta kwenye korido ya studio, mama wa makamo, amekaa kwenye kiti cha plastiki, viatu kavivulia kando, anajipepea na karatasi zenye maneno yake ya kesi ijayo.

"Baba, mimi ni mwigizaji," aliniambia. "Nasema yale niliyoandikiwa."

"Mama, serikalini sote tunasema tuliyoandikiwa," nikamjibu. "Hilo halimwondolei mtu dhamana."

Alinitazama kwa muda, kuanzia viatuni. "Kwa hiyo mimi ni Inspekta Mkuu kweli?"

"Kuanzia leo. Mamlaka yote, isipokuwa gari."

"Hata ya kukamata mtu?"

"Hata ya kukamata. Ila hutafika huko, mama. Jumatatu tunakufukuza."

Akasema asante sana, akavaa viatu vyake. Niliondoka pale nikiwa nimeridhika kabisa. Ni nadra siku hizi kukutana na mtumishi mpya anayepokea kufukuzwa kwake kwa adabu namna ile.

Jumatatu ofisini hapakuwa na maji. Mabomba yalikuwa yanakoroma tu. Bila maji hakuna chai, na katika idara yetu kikao kisicho na chai hakijawahi kuwa na akidi. Wengine walipendekeza tuahirishe. Mkurugenzi alikataa, kwa sababu alitaka jambo la pampu lizimwe haraka, akasema kwa ukarimu wake twende tukafanyie kikao nyumbani kwake, ambako maji hayajawahi kukatika. Wajumbe tulimpigia makofi. Tulimchukua mshtakiwa na shahidi wetu, yaani mdogo wangu, tukaenda.

Nyumba ya Mkurugenzi ni ya kuigwa. Ukishapita lango wanaposimama askari wawili, unakutana na majani mabichi kama zulia jipya, maua ya kila rangi, na katikati bwawa dogo la bata. Nje ya ukuta ule mtaa mzima ulikuwa vumbi tupu. Mimi nilielewa kwamba hiyo ndiyo tofauti ya mtu mwenye mipango. Tulipangiwa viti barazani, na mke wa Mkurugenzi akatoka na sinia la chai mwenyewe. Alipomwona mshtakiwa, vikombe vikaanza kugongana. Alisema hajawahi kukosa Alhamisi hata moja, kwamba humjibu Inspekta maswali yote akiwa kwenye kochi, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kumshuku yule daktari wa meno. Mkurugenzi alimwomba aketi mbali.

Nilisoma mashtaka kwa sauti ya juu, kwa sababu nyuma ya nyumba kulikuwa na mashine inayonguruma. Shtaka la kwanza lilikuwa kumaliza kesi kabla ya wakati wake. La pili, kumaliza kesi bila kuratibiwa. La tatu, kumwambia raia "nitaulizia". Mshtakiwa alisikiliza bila kutikisika.

Kisha nikamwita shahidi. Alikuwa ametoka kazini moja kwa moja, na viatu vyake vilikuwa vimelowa kwa maji ya ndoo alizobebeshwa kichwani tangu alfajiri. Nilimuuliza kama ni kweli alichukua shauri lililoko serikalini akampelekea mtu wa kwenye runinga.

"Ni kweli," alisema. "Mficha uchi hazai, kaka. Nilikuja kwenu mkanipiga danadana. Nikaenda kwake, akasema ataulizia. Ni mtu wa kwanza kuniambia hivyo."

Nilitaka kumuuliza swali la pili lakini hakuwa ananitazama tena. Alikuwa anawatazama wale bata bwawani. Walikuwa wanaoga, wanajirushia maji mgongoni, yanamwagika hovyo kwenye majani. Macho yake yakajaa. Akageuza uso ili wasimwone, lakini mimi nilimwona, na niliona aibu bila kujua ni ya nini. Sikuiandika.

Mkurugenzi akamwambia mshtakiwa ajitetee, kwa kifupi, chai ilikuwa inapoa. Yule mama akasimama. Alikuwa amekuja na koti lake la kijivu. Alisema kwa adabu kwamba kelele ya mashine inamzuia kusikia mashtaka vizuri, na mtu hawezi kujitetea dhidi ya asichokisikia, kwa hiyo anaomba ruhusa akaizime. Nilipekua kanuni. Kilichoandikwa ni kwamba mshtakiwa ana haki ya kusikia. Nikasema ruhusa ipo. Mkurugenzi alianza kusema kitu lakini alikuwa na chai mdomoni, na mama yule alishazunguka nyumba, mke wa Mkurugenzi akimkimbilia nyuma na kikombe chake.

Mngurumo ulikatika. Ndani ya kimya kile tukasikia sauti yake akituita tuje.

Ilikuwa pampu. Ubavuni ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyekundu, herufi kubwa, ZAHANATI YA WAZAZI. Hakuna aliyejisumbua hata kuipaka rangi nyingine juu. Nataka nikiri kwamba nilishtuka kitaaluma. Kazi yote ya upelelezi ambayo idara ilikuwa inairatibu kwa muda wote ule ilikuwa ni kusoma.

"Mheshimiwa," Inspekta alisema, "hii ni ya nani?"

Mkurugenzi alieleza kwa utulivu kwamba ni mali ya serikali, na kwamba ipo pale kwa uhifadhi, ikisubiri upelelezi ukamilike. Lilikuwa jibu zuri. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuliamini. Lakini mke wake alishindwa kujizuia.

"Dada, usihangaike na huyu, mimi nakwambia," alisema, uso ukimng'aa, maana kwa miaka alikuwa akimjibu Inspekta na leo ndiyo kwanza alisikiwa. "Aliileta mwenyewe na gari la ofisi. Nikamuuliza, si ya zahanati hii? Akasema kule wanazaa tu, hawamwagilii maua."

Mdogo wangu alikuwa amesimama kando ya pampu, ameiwekea kiganja juu, kama anapima homa.

"Basi nakukamata," Inspekta alimwambia Mkurugenzi, kwa sauti ile ile ya Alhamisi.

Mkurugenzi alicheka peke yake. Aliwaambia wale askari wawili wa langoni, ambao walikuwa wamesogea kutazama, kwamba huyu ni mwigizaji tu, wamtoe nje. Askari hawakusogea. Walikuwa wamesimama wima tangu alipolitaja neno "nakukamata". Mkubwa wao akanigeukia mimi, akaniuliza kwa heshima, "Katibu, huyu mama ni Inspekta Mkuu au siye?"

Mimi ni mtu wa taratibu. Nikajibu ukweli: ameajiriwa, ana namba, na hapa uwanjani hakuna askari anayemzidi cheo. Wote wawili wakampigia saluti.

"Nafuta ajira," Mkurugenzi alisema. "Hayupo. Hakuwahi kuwepo."

Hapo ndipo wajibu uliponilazimisha kumvuta kando. Nilimnong'oneza kwamba akisema Inspekta hakuwahi kuwepo, basi yeye kwa saini yake ameweka kwenye mishahara ya serikali mfanyakazi hewa. Nilimkumbusha kwamba yeye ndiye mwenyekiti wa kampeni ya taifa dhidi ya wafanyakazi hewa, na ndiye aliyesimama jukwaani kudai kifungo kiongezwe, kikaongezwa. Alinitazama kama mtu aliyeamshwa ghafla. Kwa mara ya kwanza nilimwona akifikiri kwa haraka, na haikumpendeza usoni.

"Kesi ipi ina nafuu?" aliniuliza.

"Pampu, mzee."

Akajifuta jasho. Akageuka, akavuta pumzi, akatangaza kwa sauti rasmi kwamba baada ya kutafakari, anamtambua Inspekta Mkuu Sindano na mamlaka yake yote.

Nilidhani mambo yamekwisha, nikafunga kalamu. Inspekta akaniita.

"Na wewe, Katibu, jalada la hii pampu ulilipa rangi gani?"

"Kijani, mama."

"Vizuri. Shika huo upande mwingine."

Gari la ofisi lilikuwa ni sehemu ya ushahidi, kwa hiyo halikuruhusiwa kutembea. Mtunza bustani alileta toroli lake. Pampu iliwekwa juu, Mkurugenzi akapewa mipini, mimi nikashikilia ubavuni isianguke, askari wakafuata nyuma na mdogo wangu akatangulia kuonyesha njia. Inspekta Sindano alitembea pembeni, mikono mfukoni mwa koti. Tulipofika penye lami, wauza duka walikuwa wameshatoka nje. Watu walitazama koti la kijivu, wakatazama huku na huku, wakawa wanaulizana kamera ziko wapi. Mmoja alisema zimefichwa, siku hizi ni ndogo. Basi wakaanza kutufuata, wakikwepa kwa adabu wasiharibu picha.

Mimi ni mtu mwenye wadhifa, na niliumia. Majirani zangu walikuwemo. Nilijaribu kumweleza mmoja wao kwamba hili ni tukio halisi, mimi ni katibu halisi, naye akaniambia nisizungumze na watazamaji nitakosea maneno yangu.

Mbele ya zahanati kina mama walikuwa wamekaa kwenye benchi refu na ndoo zao miguuni. Walipomwona Inspekta walisimama wote, hata waliokuwa wanasimama kwa shida. Kulikuwa na mlima mdogo kabla ya mlango, na hapo toroli likagoma. Mkurugenzi alikuwa anatweta, shati limemganda mgongoni. Bibi mmoja aliyemleta mjukuu wake kujifungua alimtazama kwa makini, akawageukia wenzake.

"Huyu mnene anaigiza mwizi vizuri," alisema. "Tazameni jasho lile. Huyo amesomea."

Wakaanza kupiga makofi. Kwanza benchi, halafu wauza duka, halafu mtaa wote. Mkurugenzi wetu amepigiwa makofi maisha yake yote bila kuuliza sababu. Aliiachia mipini, akanyoosha mgongo, akafunga kifungo cha shati, akainua mkono na kuwapungia.

Toroli likaanza kurudi nyuma, na mimi peke yangu sikuweza kulizuia. Ndani mwa zahanati mwanamke alipiga ukelele wa uchungu. Mdogo wangu akamrudisha Mkurugenzi kwenye mipini, akamwekea mkono mgongoni, akamwambia kwa ile sauti anayoitumia kazini:

"Sukuma, baba. Usilie. Sukuma."